Sista Amka na Dawa Mbili za Usingizi

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alifanya kazi katika chumba ambacho watu wengi wamelala ndani yake na karibu wote hawakikumbuki. Ni chumba cha kuzindukia, mlango wa pili kutoka chumba cha upasuaji, chenye vitanda vinne vya magurudumu, mitungi ya oksijeni iliyofungwa ukutani kwa mnyororo, na beseni za kutapikia zilizopandana kama sahani za mgahawa. Mgonjwa akishapasuliwa na kushonwa, aliletwa pale akiwa bado amelala. Mama mkubwa alimshika bega, akamwita, akamwambia, "Amka sasa, kazi imekwisha." Alilisema neno hilo miaka nenda miaka rudi, mpaka hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi wafagiaji, ikawa inamwita Sista Amka. Hata sokoni walikuwepo waliomwita hivyo bila kujua jina limetoka wapi. Mmoja alidhani ni kwa sababu anawahi sana kununua mboga.

Nilikaa kwake nilipokuwa nasoma chuo, ndiyo maana habari hizi nazijua. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye sauti ya kufika mbali na mikono myepesi kuliko sauti yake. Baba mkubwa, mumewe, alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na nyumba yote ilinuka gundi na sponji mpya. Huyo alikuwa mtu wa kimya. Mama mkubwa alipenda kusema kwamba mumewe alizaliwa maneno yakiwa yameshagawiwa, akapewa yale yaliyobaki chini ya gunia.

Kwa miaka mingi dawa ya kuwalaza wagonjwa pale ilikuwa moja, ketamini. Mama mkubwa aliiheshimu kama mtu anavyomheshimu mzee aliyemlea. Ukimchoma mgonjwa mshipani analala, lakini pumzi zake zinaendelea na presha yake haiporomoki. Umeme ukikatika, mtungi wa oksijeni ukiisha, dawa ile haikuachi njiani. Ila ilikuwa na vituko vyake wakati wa kuamka. Wagonjwa walirudi kama watu walioshushwa kituo kisicho chao. Mwalimu mmoja wa hesabu alizinduka akang'ang'ania vyuma vya kitanda, akilia kwamba amepandishwa juu ya paa na ngazi imeondolewa. Muuza nyanya mmoja alinadi nyanya zake chumba kizima, na alipoona hakuna anayenunua, akapunguza bei. Wengine walitapika mpaka jioni. Na wengine walisema.

Waliyoyasema hayakutoka nje ya chumba kile. Mume alitaja jina la mwanamke, na jina halikuwa la mkewe aliyekuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya mlango. Mama mkubwa alikohoa kwa nguvu, akaenda kuufunga mlango vizuri. Jirani yetu naye, baada ya kupasuliwa, alisema jambo kuhusu mtoto wake wa kwanza. Najua kwamba alisema, kwa sababu alikuja nyumbani siku moja, macho chini, akauliza mbele yangu, "Dada, siku ile nilisema kitu?"

Mama mkubwa alimjibu bila kupepesa. "Ulikoroma tu, mwenzangu. Ulikoroma kama trekta kwenye mlima."

Jirani alicheka, akaondoka moyo umetulia. Mimi nikamsogelea Mama mkubwa. "Kwani alisema nini?"

"Na wewe hayo ni masikio au ni mahali pa kutundikia hereni? Nimesema alikoroma."

Hivyo ndivyo alivyoishi, hadi ilipokuja dawa nyeupe.

Dawa hiyo iliitwa propofoli, nyeupe kama maziwa, na ililetwa pamoja na daktari mpya wa usingizi, mwanamke mdogo kuliko mtoto wa kwanza wa Mama mkubwa. Daktari wa upasuaji, ambaye alikuwa mtu wa haraka hata katika kunywa chai, aliipenda tangu siku ya kwanza. "Hii ndiyo dawa," alisema akivua glavu. "Mtu anaamka anauliza chakula kiko wapi. Hiyo nyingine ipelekwe makumbusho."

Mama mkubwa alirudi nyumbani amevimba. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema, akivuta kiti kwa fujo. "Huyu wao siku ya tatu wanampa funguo za nyumba!"

Haukupita muda akapata alichoona kuwa ni ushahidi. Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, aliletwa kutoka kwenye upasuaji mdogo wa mguu akiwa amelazwa kwa ile dawa nyeupe. Taya lilikuwa limelegea, ulimi umerudi nyuma. Mama mkubwa aligeuka kuchukua blanketi, na alipomtazama tena, kifua cha yule dereva kilikuwa hakipandi sawasawa na midomo yake imeanza kubadilika rangi. Alimrukia. Alilisukuma taya mbele kwa vidole vyake viwili viwili, akamfunika barakoa ya oksijeni, akamwita kwa ile sauti yake ya kufika mbali, "Vuta pumzi! Baba, vuta!" Dereva alivuta, akavuta tena, rangi ikarudi. Baada ya muda mfupi alikaa kitandani, akatazama huku na huku kama mtu aliyetoka kulala kwa mama yake, akasema ana njaa.

Mama mkubwa hakumsubiri ashibe. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari wa usingizi.

"Daktari, hayo maziwa yako yametaka kuniulia mtu."

"Nimeambiwa, Sista. Nakushukuru sana. Umemwokoa." Daktari alimpisha kiti. "Na yule wa jana wa ketamini, aliyejirusha kutoka kitandani?"

"Yule alikuwa anapumua."

"Alikuwa anapumua akiwa sakafuni."

Mama mkubwa alifungua mdomo ajibu, akakuta kicheko kimewahi kufika. Akakaa.

"Mimi sikuja kutetea dawa yoyote," daktari alisema. "Lakini naona hapa kila mtu ana dawa yake kama watu wanavyokuwa na timu ya mpira. Daktari wa upasuaji anashangilia nyeupe, wewe unashangilia ya zamani. Mgonjwa hajaulizwa. Nataka tuzipime. Wale wa upasuaji mdogo, tena wanaokubali wenyewe, wapigiwe kura ya bahati nasibu, nani apate ipi. Ketamini tutaichanganya na dawa kidogo ya kutuliza, ili ndoto zisiwatese. Wewe hutaambiwa nani kapewa nini. Kazi yako itakuwa kuangalia wanavyoamka."

"Mimi nitajua tu. Kumjua mtu wa ketamini kunahitaji chuo?"

"Utakisia, Sista. Na kila unapokisia, uniambie. Tutaona."

Kazi ikaanza. Kule ndani bomba la sindano na mpira wa dripu vilifunikwa kitambaa cha kijani, mgonjwa asione rangi ya kinachoingia mwilini mwake. Huku chumba cha kuzindukia, kila aliyeletwa aliulizwa maswali yaleyale: jina lako nani, uko wapi, inua kichwa, unasikia kichefuchefu, unaumwa. Swali la mwisho lilikuwa hili: ungekubali kulazwa tena kwa dawa hiihii?

Swali hilo lilimgusa Mama mkubwa kuliko alivyotarajia. Miaka yote ile alikuwa akiwapa watu maji, akiwafuta jasho, akiwashika mikono, lakini hakuwahi kumuuliza hata mmoja usingizi wake ulikuwaje. Watu walifurahi kuulizwa. Bibi mmoja alimjibu, "Mwanangu, tangu niolewe sijalala hivi. Nirudishe." Kijana mmoja akasema bora wamshone akiwa macho kuliko kurudi alikotoka. Mama mkubwa alitusimulia majibu hayo mezani bila kumtaja mtu, akicheka, na nikaona ule uvimbe wa siku za mwanzo umemtoka.

Uvimbe mwingine, hata hivyo, ulikuwa umebaki, na huo aliuficha chini ya gauni. Miaka ya kunyanyua watu waliolegea kama madonge ya unga uliokandwa ilikuwa imempasua misuli ya tumbo, na kitovu chake kilitokeza kila alipokohoa. Alijifunga kanga, akajifanya haoni. Lakini mume alikuwa fundi wa makochi, na jicho lake lilizoea kuona kinachosukuma kutoka ndani.

"Mke wangu," Baba mkubwa alisema siku moja, "kitambaa cha ndani kimechanika. Sponji inatoka. Hiyo haishonwi kwa juu."

"Nani amekuita uje kunipima?"

"Hakuna. Nimeona tu."

Daktari wa upasuaji alimgusa kidogo akasema kile kile kwa maneno ya kazi yake. Ilikuwa ngiri ya kitovu, ndogo bado, ishonwe mapema kabla utumbo haujanasa humo. Upasuaji mdogo, aende nyumbani siku hiyohiyo. Kwa maneno mengine, alikuwa mgonjwa wa aina ileile waliyokuwa wakiipigia kura.

Mama mkubwa alisema, "Mwosha huoshwa," akacheka mbele ya watu. Nyumbani hakucheka. Alasiri ile alikwenda karakanani, akaketi juu ya kochi ambalo halijavikwa kitambaa, chemchemi zikilia chini yake. Mimi nilikuwa nakata sponji pembeni. Baba mkubwa alikuwa amebana misumari mdomoni.

"Naogopa," Mama mkubwa alisema.

Baba mkubwa alitoa misumari. "Kisu?"

"Kisu nakijua. Naogopa mdomo wangu. Nusu ya mji huu imeniachia siri zake humu." Akajigonga kifuani. "Zangu mimi hazina neno, nani atashangaa? Lakini za watu! Nikilewa dawa nikaanza kumwaga habari za jirani, nitamtazama vipi?"

"Si uombe usiingizwe kwenye kura? Wakupe ile ya kuamka upesi."

"Nimewaomba watu wangapi waikubali kura? Leo imenifikia mimi, nichague?"

Baba mkubwa alifikiri, nyundo mkononi. "Unapowaomba, huwa unawaambia wanaweza kukataa?"

"Nawaambia."

"Basi na wewe ni mtu." Akarudisha misumari mdomoni. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kesho yake Mama mkubwa alimweleza daktari wa usingizi yote, bila kuficha. Daktari hakumcheka. Alimwambia yuko huru kukaa nje ya kura, na hakuna atakayemuuliza kwa nini. "Ila nisikudanganye, Sista. Hata hiyo nyeupe, wapo wanaosema. Sijaona bado dawa yenye kufuli."

"Kumbe?"

"Kumbe. Kufuli ni yule aliyesimama kando ya kitanda."

Neno hilo lilimtuliza kuliko dawa. Akakubali kuingia kwenye kura, kwa sharti moja, kwamba atakayemzindua awe muuguzi mwenzake waliyezoea kumwita Mrefu, mwanaume aliyeinamia kila mlango na aliyejifunza kazi mikononi mwake. Alimwita pembeni. "Wewe, chochote nitakachosema…"

"Ulikoroma, Sista," Mrefu alimalizia.

Asubuhi ya upasuaji aliingia kwa mlango wa wagonjwa, ambao hakuwahi kuupita. Alivishwa gauni lililo wazi mgongoni, lile alilowavalisha watu wasiohesabika bila kujua linaingiza baridi kiasi gani. Alilazwa chali kwenye kitanda cha kwanza cha chumba chake cha kuzindukia, kusubiri. Aliona alama ya maji kwenye dari na taa iliyomchoma machoni, vitu vilivyokuwa pale siku zote juu ya kichwa chake. Kule ndani daktari wa usingizi alimshika mkono, akamwambia afikirie kitu kizuri. Mama mkubwa alikaza macho kwenye kitambaa cha kijani, akijaribu kusikia kama dawa inachoma, maana ile nyeupe watu husema inachoma mkononi. Alikuwa bado anasikiliza usingizi ulipomchukua.

Kurudi, masikio ndiyo yaliyotangulia. Alitusimulia mara nyingi baadaye. Macho yalikataa kufunguka, ulimi ulikuwa mzito, lakini alisikia kila kitu, na kila kitu kilikuwa kikubwa. Beseni iliwekwa juu ya beseni ikalia kama kengele ya shule. Magurudumu ya kitanda yalinguruma. Na sauti ya mmoja wa wasukuma vitanda ikasema juu ya kichwa chake, "Jamani Sista ni mzito! Kiuno changu!"

"Nyamaza, atakusikia," mwenzake alisema.

"Anasikia nini huyu? Yuko mbali."

Halafu sauti ya Mrefu. "Sista, amka sasa, kazi imekwisha. Jina lako nani?"

"Hapa nauliza mimi," alijibu Mama mkubwa, macho yamefumbwa.

"Sawa. Uko wapi?"

"Wewe ndiye uko wapi? Na kofia yako iko wapi?"

"Inua kichwa, Sista."

"Inua wewe."

Mrefu aliinua cha kwake, kwa mazoea, kama alivyokiri mwenyewe baadaye. Mama mkubwa alinyoosha mkono hadi kitanda cha pili, ambapo alilala mama mmoja aliyekuwa ameamka kitambo na anasubiri tu mtoto wake aje kumchukua. "Vuta pumzi," alimwamuru. "Ndefu. Tena." Yule mama, kwa adabu, akavuta. Mama mkubwa akamsifu, akaagiza mtungi wa oksijeni ubadilishwe, akauliza kama beseni zimeoshwa, kisha akalala tena kidogo.

Alipozinduka kabisa, Baba mkubwa alikuwa amekaa pembeni, akiubonyabonya mto wa kitanda kwa dole gumba.

"Huu ni mto au tofali?" aliuliza.

Mama mkubwa alimtafuta Mrefu kwa macho. "Nilisema nini?"

"Ulikoroma, Sista."

Uso ulimshuka. Neno lile alilowapa wengine kama zawadi, sasa alijua maana yake. Mrefu hakustahimili. Aliinama, akamweleza neno kwa neno, na yule mama wa kitanda cha pili akathibitisha kwamba pumzi alivuta kweli, tena zimemsaidia. Mama mkubwa alianza kucheka, akashika tumbo. "Acheni! Mtanifumua nyuzi!" Machozi yalimtoka, ya kicheko na ya kitu kingine pia, maana siri za watu zilikuwa zimelala salama mahali pake.

"Swali la mwisho," Mrefu alisema. "Ungekubali tena dawa hiihii?"

"Ningekubali. Lakini mwambie yule bwana wa kiuno kwamba nimemsikia."

Alikaa nyumbani mpaka kidonda kilipopona, akimsumbua Baba mkubwa kwa ushauri kuhusu makochi. Aliporudi kazini alikuja na mambo. Beseni zilitandikiwa kitambaa zisigongane. Taa iliyokuwa juu ya kitanda cha kwanza ilisogezwa. Na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza juu ya mgonjwa aliyelala isipokuwa maneno ambayo angemwambia usoni. "Macho yamelala," aliwaambia, "masikio yako kazini." Msukuma vitanda wa kiuno alikuja kuomba radhi, akapewa mkanda wa kufungia kiuno. Baba mkubwa naye alipeleka mito minne, sponji laini ndani, nje ngozi ya plastiki inayofutika.

Kisha daktari wa usingizi akawaita wote kwenye chumba cha chai, kura zilipokwisha kufunguliwa. Daktari wa upasuaji alikuja na kikombe chake, tayari kushangilia. Daktari wa usingizi alisema waliopata dawa nyeupe waliamka mapema zaidi, wenye akili timamu, wachache tu kati yao walitapika, na wengi walikwenda nyumbani siku ileile. Lakini ndio pia walioshuka presha na ndio walioinuliwa taya. Waliopata ketamini walichelewa kuamka na tumbo liliwasumbua, ila pumzi zao hazikumtia mtu wasiwasi. Kwa hiyo nyeupe itatumika kwa upasuaji mfupi uliopangwa, mahali penye oksijeni na penye muuguzi asiyebanduka kichwani kwa mgonjwa. Ketamini itabaki kwa anayevuja damu, kwa wa ajali, na kwa siku ambazo umeme umeamua yake.

"Makumbusho je?" Mama mkubwa alimuuliza daktari wa upasuaji.

"Nimeufunga mlango wake," alikubali yule bwana, akanywa chai.

"Na makisio yangu?"

"Mengi ulipata," alisema daktari wa usingizi. "Mengi pia ulikosa. Hasa pale ketamini ilipotulizwa. Wewe mwenyewe ulijikisia nini?"

"Mimi? Nyeupe. Sikutapika, sikupanda paa, sikunadi nyanya. Niliamka na akili zangu."

"Ulipata ketamini, Sista."

Mama mkubwa aliweka kikombe mezani. "Haiwezekani. Sikuota chochote."

"Uliendesha chumba kizima ukiwa umelala," alisema Mrefu. "Ulitaka ndoto gani tena?"

Walicheka mpaka watu wa maabara wakaja kuchungulia. Jioni alitueleza akitingisha kichwa. "Wenzangu wanaota wanaruka angani. Mimi nimeota niko kazini, tena zamu yangu mwenyewe."

"Ulifurahi?" Baba mkubwa alimuuliza.

Alifikiri kwa dhati. "Nilifurahi, baba watoto. Nilikuwa mahali pangu."

Baada ya hapo hospitali ndogo za pembeni zilianza kuleta wauguzi wao kujifunza jinsi ya kumlinda aliyelazwa kwa dawa nyeupe, na mwalimu aliyepewa kazi hiyo ni Mama mkubwa. Kwa somo la kuinua taya alihitaji mtu wa kulala. Wauguzi walioneana aibu, basi Baba mkubwa, aliyekuwa amekuja kubadilisha ngozi ya mto mmoja, akavua viatu, akapanda kitandani bila kusema neno. Mama mkubwa aliwaonyesha vidole vikae wapi, kila mmoja akajaribu, taya la Baba mkubwa likasukumwa na mikono ya kila aina. Alipofika mwanafunzi wa mwisho, mgonjwa wao alikuwa amelala kweli, pumzi ndefu, kifua kinapanda na kushuka vizuri kabisa.

"Huyu amepewa ipi?" mmoja alinong'ona.

"Huyu hahitaji," Mama mkubwa alinong'ona pia. Aliwaaga kwa ishara ya mkono, wakatoka wakinyata, naye akavuta kiti, akakaa upande wa kichwani.